SAFARI YA ZIWA LA MILLE LACS
Uvuvi wa kaskazini mwisho wa majira ya joto, na mafunzo yake kwa Mwislamu

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuhimiza katika Kitabu chake tutembee katika ardhi na tuangalie jinsi alivyoanza kuumba. Walakini wengi wetu tukijaaliwa kusafiri hurudi na khabari za maduka na majumba marefu, na ardhi yenyewe na maji yake hatukuyatazama. Kwa hivyo nimeona ni vyema niwaandikie wasomaji wetu watukufu, khasa vijana, khabari za ziwa moja la kaskazini ya Marekani: hali ya maji yake mwisho wa majira ya joto, namna samaki wake wavuliwavyo, na mambo ya dini yanayomkabili Mwislamu anapokaa juu ya maji yale na mshipi mkononi. Sisi watu wa pwani uvuvi si mgeni kwetu, na mwenye kuijua kazi kwao huiona vizuri zaidi akiikuta ugenini.

Aliyenipeleka huko ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyehamia mji wa Minneapolis kwa ajili ya kazi na sasa ana mke na watoto huko. Nilifika mwezi wa Agosti, wakati ambao kwetu kipupwe kinakwisha na demani inaingia. Kwao ndio mwisho wa joto. Mchana jua ni kali, lakini alfajiri mtu hutafuta nguo nzito.

JIMBO LA MAZIWA

Minnesota ni jimbo la kaskazini linalopakana na Kanada. Watu wake hujisifu kuwa wana maziwa elfu kumi, na katika hilo hawakuongeza chumvi, bali wamepunguza. Kwani hesabu ya serikali yao ni maziwa 11,842 yenye ukubwa wa eka 10 au zaidi. Barafu kubwa iliyofunika nchi ile zamani sana ndiyo iliyoyachimba mashimo hayo, kisha ikayeyuka na kuyajaza.

Msomaji asidhani kuwa Mwislamu huko ni kama mgeni aliyepotea njia. Wasomali wa Minnesota ni wengi kuliko wa jimbo lolote jingine la Marekani, na miongoni mwao wamo waliokaa miaka mingi katika kambi za Kenya, nawe ukiwasalimu kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiswahili. Mwaka 2023 baraza la mji wa Minneapolis liliruhusu adhana za sala zote tano zitolewe kwa vipaza sauti. Nilipoisikia adhana katika mji ambao miezi michache baadaye ungefunikwa na theluji, nilimshukuru Mola.

ZIWA LENYEWE

Ziwa tulilokwenda laitwa Mille Lacs, nalo liko kiasi cha maili 100 kaskazini ya Minneapolis. Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake maziwa elfu. Wenyeji wa asili wa kabila la Ojibwe huliita Misi-zaaga'igan, yaani ziwa kubwa. Na kabla yao Wadakota waliliita kwa jina lenye maana ya ziwa takatifu, au ziwa la roho. Katika ziwa hilo hutoka mto unaokwenda kuingia katika mto mkuu wa Mississippi, na mto huo leo waitwa Rum, yaani jina la pombe kali! Yasemwa kuwa Wazungu walipolifasiri jina la Wadakota walipata neno la Kiingereza ambalo lina maana mbili, roho na pombe kali, wao wakaishika ile ya pombe. Basi mtazame, ewe msomaji, jinsi jina tukufu liwezavyo kuharibika katika ulimi wa mtu asiyejali.

Ukubwa wa ziwa ni maili za mraba 200 na kidogo. Ukisimama ufuoni huoni ng'ambo, waona maji na mbingu tu. Lakini kina chake ni kidogo: pale palipo na kina kirefu kabisa hapazidi futi 42, ambazo kwa hesabu ya wavuvi wetu ni pima 7. Sifa mbili hizi, upana mkubwa na kina kidogo, ndizo ufunguo wa kulielewa ziwa lile. Kwa sababu hiyo upepo ukivuma hulikoroga lote; na kwa sababu hiyo mawimbi yake huinuka upesi, yakawa mafupi na makali, na mashua ndogo ikapata taabu katika muda wa nusu saa. Sheria ya huko yataka kila aliye chomboni awe na jaketi lake la kuokolea, na mtoto asiyetimiza miaka 10 alivae mwilini. Hili ni agizo jema, kwani tumekatazwa kujitia kwa mikono yetu katika maangamizi.

Wakati wa baridi ziwa lote huganda, hata watu huendesha motokaa juu yake, wakajenga vibanda, wakatoboa barafu na kuvua. Hapa pana ajabu moja ya kudra ambayo ningependa kila mwalimu awasomeshe wanafunzi wake. Vitu vingi vikipoa huzidi kuwa vizito. Maji nayo hufanya hivyo mpaka yafikie nyuzi 4 za joto; yakipoa zaidi ya hapo huanza kuwa mepesi, na yakiganda huelea. Lau barafu ingekuwa nzito ingezama, na ziwa lingeganda kuanzia chini kwenda juu, asibaki samaki hata mmoja. Lakini barafu hukaa juu kama paa, na chini yake viumbe huishi mpaka joto lirudi. Subhana-Llah!

HALI YA MAJI MWISHO WA AGOSTI

Katika maziwa ya kaskazini yaliyo na kina kirefu, maji ya Agosti hugawanyika tabaka tatu. Juu ni maji ya moto, mepesi, yaliyopashwa na jua. Chini ni maji ya baridi, mazito. Na katikati ni tabaka nyembamba ambamo joto hushuka kwa ghafla. Maji ya chini hayapati hewa mpya majira yote ya joto, na takataka zinazooza huko huila ile hewa iliyomo, hata samaki wengi hawawezi kukaa. Kwa hiyo mvuvi wa ziwa kama hilo hatupi mshipi wake chini kabisa kwa kufikiri kuwa samaki wamekimbilia baridi; huutua karibu na ile tabaka ya kati, mahala penye baridi kidogo na pumzi ya kutosha. Siku za baridi zikianza, maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakashuka, na ziwa zima hujigeuza.

Mille Lacs halifuati kanuni hiyo sawasawa, kwa sababu ya uchache wa kina chake. Upepo hulichanganya mara kwa mara. Faida yake ni kwamba samaki huweza kukaa hata chini kabisa. Hasara yake ni kwamba hakuna pa kukimbilia joto. Yuko samaki mmoja mwenye rangi ya fedha na mafuta mengi aitwaye tulibi, ambaye hapendi ila maji ya baridi. Mwaka wenye joto kali hufa kwa wingi na kuelea juu ya maji.

Jambo la pili ni weupe wa maji. Mwaka 2005 ilionekana katika ziwa hilo aina ya kome wadogo wenye milia kama ya punda, ambao asili yao ni sehemu za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi; walifika Marekani katika maji ya matumbo ya meli. Kome hao huchuja maji mchana na usiku. Mtu akiona maji yamekuwa meupe hufurahi, lakini kile kilichochujwa ndicho chakula cha vidudu, na vidudu ndio chakula cha samaki wachanga. Tena mwanga wa jua sasa huingia ndani zaidi, na samaki mkuu wa ziwa lile hapendi mwanga. Sisi tulioona mambo yaliyolifika Ziwa Viktoria baada ya kutiwa sangara katika miaka ya 1950 twajua kuwa kiumbe mmoja akitolewa mahala pake na kupelekwa pengine huweza kugeuza ziwa zima. Ndiyo maana serikali ya jimbo lile humlazimisha kila mwenye mashua, atokapo ziwani, aondoe majani yaliyonasa, afungue kizibo cha chini na kumwaga maji yote kabla hajashika njia.

Jambo la tatu ni utando wa kijani. Siku za joto na utulivu hutanda pembeni mwa baadhi ya maziwa ya huko mfano wa rangi iliyomwagika. Aina nyingine ya utando huo ina sumu. Basi mwenye kutaka kutia udhu na asichote hapo, aende penye maji safi yanayopigwa na upepo.

SAMAKI AITWAYE WOLAI

Samaki anayetafutwa na watu wote huko ni wolai, naye tangu mwaka 1965 amefanywa kuwa samaki wa alama ya jimbo. Ana mwili mrefu wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, meno makali, miiba mgongoni, na doa jeupe kwenye ncha ya chini ya mkia. Macho yake ni makubwa, na nyuma yake mna ngozi inayorudisha nuru, hata ukimmulika usiku yang'aa kama ya paka. Kwa macho hayo huona gizani kuliko samaki wadogo anaowinda, na hiyo ndiyo silaha yake. Mchana wa jua kali hutulia chini au kujificha. Jua likishuka huamka na kuwinda. Chakula chake kikubwa ni samaki wadogo wa manjano wenye milia, ambao wale waliozaliwa masika huwa mwezi wa Agosti wamefikia urefu wa kidole.

Hapa ndipo penye ugumu wa uvuvi wa mwisho wa joto. Si kwamba samaki hayupo, bali ameshiba. Maji yamejaa vitoto vya samaki, naye hana haja ya kukimbilia chambo cha mtu. Mvuvi asiye na subira hurudi mikono mitupu na kusema ziwa limekwisha.

MBINU ZA WAVUVI WA HUKO

Jirani ya mpwa wangu, mzee wa Kimarekani aliyevua katika ziwa hilo tangu utotoni, ndiye aliyekuwa nahodha wetu. Nilimuuliza sana, naye hakunichoka.

Kwanza, wao huutazama upepo kabla ya kutazama maji. Upepo wa wastani uliovuma upande mmoja kwa siku mbili tatu hupeleka vidudu na samaki wadogo kwenye ufuo unaopigwa, na mawimbi huvunja mwanga usizame. Basi wao huenda upande ule ule ambao mtu mvivu angeukimbia. Lakini ukipita upepo wa baridi wenye kufagia mawingu, kisha mbingu ikawa nyeupe na maji yakatulia, samaki hushuka na kufunga vinywa siku moja au mbili. Hapo mwenye akili hutengeneza zana zake nyumbani.

Pili, wao huujua uso wa chini ya maji kama tujuavyo sisi mafungu na miamba yetu. Katikati ya Mille Lacs mna matuta mapana ya matope, yaliyoinuka kutoka vilindini, na juu yake bapa kama meza. Ndani ya matope hayo huishi mabuu ya wadudu. Wolai hukaa kwenye kingo za matuta, pale tambarare inapoanza kuteremka. Mashua huachwa ichukuliwe na upepo polepole kwa kufuata ukingo huo, na mshipi hukokotwa chini ukiwa na chubwi ndogo, kisha uzi mwembamba wa urefu wa pima moja au zaidi, na mwisho wake ndoana yenye ruba au nyungunyungu. Samaki akigusa hawavuti papo hapo. Huachia uzi kidogo, wakahesabu, kisha ndipo wakaza.

Tatu, penye mawe na changarawe hutumia chelezo. Chelezo chao huteleza juu ya uzi mpaka kikutane na fundo, na fundo hilo hufungwa kulingana na kina, ili chambo kining'inie shibiri moja au mbili juu ya mawe. Hii ndiyo njia iliyonipendeza, kwani haina tofauti kubwa na uvuvi wa watoto wetu ngazini, illa wao wana mwanzi wenye gurudumu la kukunjia uzi.

Nne, maji yakiwa meupe wao hupunguza unene wa uzi, huikalisha mashua mbali, na huacha kelele. Tano, kila Agosti inavyokwisha na usiku kurefuka, wolai husogea kwenye maji machache ya pembeni wakati wa usiku, kandokando ya majani na mawe, kwani huko ndiko waliko wale samaki wadogo. Hapo huvuliwa kwa samaki wa bandia, wa mti au wa plastiki, anayevutwa nyuma ya mashua iendayo polepole.

Juu ya ruba nilikuwa na neno. Wapo wanavyuoni waliochukia kukitia ndoanani kiumbe kilicho hai, ikiwa mtu aweza kuvua kwa kitu kingine, kwa sababu ya kukitesa. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, mimi nina samaki wa plastiki." Nikamwambia avue kwa hao. Tukapata kama walivyopata wenzetu.

SAA YA SAMAKI NA SAA YA MOLA

Mwisho wa Agosti jua la huko huzama kama saa 2 za usiku kwa saa zao. Sasa na afikiri kila kijana: samaki huyu ambaye amelala mchana kutwa huanza kula jua likigusa maji, na muda ulio bora kabisa wa kumvua ni ile saa moja inayofuata. Yaani saa ya samaki ndiyo saa ya Magharibi! Mtu aliyesubiri tangu Alasiri, mwanzi wake ukaanza kupinda wakati huo huo sala inapoingia, hapo hujulikana ni nani bwana wake.

Ni kweli kuwa msafiri aliyekwenda maili 100 ana ruhusa ya kuchanganya Magharibi na Isha, na ruhusa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, haikataliwi. Lakini kijana aishiye Minneapolis, ambaye ana maziwa mlangoni pake na huvua jioni kila wiki, si msafiri, na wakati wa Magharibi ni mfupi. Mpwa wangu amejiwekea desturi ambayo nimeipenda. Kabla jua halijazama huileta mashua kwenye ufuo wa changarawe, hutia udhu kwa maji ya ziwa, husali na watoto wake, kisha hurudi. Jioni ile nahodha wetu alitungojea mashuani kimya, akafunga injini. Kibla cha huko ni upande wa kaskazini-mashariki, jambo ambalo huwastaajabisha wengi mpaka waitazame dunia ilivyo mviringo. Tulipomaliza tukarudi majini, na samaki walikuwa wangali wakila. Sala yetu haikuchukua hata robo saa. Mwenye kusema kuwa dini inamzuilia starehe, na ahesabu vizuri dakika zake.

KIPIMO, NA MAMBO YASIYOONWA NA MTU

Mtu aliyetimiza miaka 16 havui katika jimbo hilo ila kwa leseni, na maji yasipokuwa yameganda kila mtu ana mshipi mmoja tu. Tena kwa Mille Lacs hutangazwa kila mwaka idadi ya wolai ambayo mtu aweza kuchukua, na urefu wao. Samaki asiye katika kipimo hurudishwa majini mara moja. Haya hayakuwekwa kwa upuuzi. Wolai walipungua sana katika ziwa hilo, hata tarehe 3 Agosti 2015 uvuvi wao ukafungwa, na mwaka 2016 majira yote ya maji wazi haikuruhusiwa kuchukua hata mmoja.

Basi usiku ule mpwa wangu alivuta wolai mkubwa, aliyezidi kipimo cha mwaka huo. Ndoana ilikuwa imeingia ndani sana, na maji yalikuwa na joto. Nahodha alikata uzi karibu na mdomo, akamshika samaki majini muda mrefu, lakini alipomwachia aligeuka tumbo juu. Mpwa wangu akanitazama, akasema, "Mjomba, huyu anakufa, naye ni halali yetu. Tukimwacha si tumeiharibu neema?"

Swali hilo si dogo. Samaki katika sheria yetu ni halali bila kuchinjwa, hata akiwa amekufa, na hata akivuliwa na asiye Mwislamu. Na kuharibu chakula ni israfu. Kwa dhahiri ya mambo, kumtwaa ndiko kulikokuwa sawa. Wala hapakuwa na mlinzi. Mchana kutwa hatukumwona hata mmoja.

Nilimjibu hivi: "Mwanangu, wewe uliponunua leseni ulitoa ahadi, na masharti yake uliyajua. Mwislamu hufungwa na ahadi yake, awe na Mwislamu mwenzake au na mwengine. Na lau sheria ingeruhusu kumchukua kila samaki anayekufa, kila mvuvi angesema wake alikuwa anakufa, na mlango ungefunguka usifungike. Huyu hatapotea, shakwe na tai nao wana riziki yao kwa Mola." Tukamwacha. Yule mzee hakujua Kiswahili, lakini alifahamu tulichokuwa tukizungumza, naye akatikisa kichwa kwa kuafiki.

Lakini jambo halikuishia hapo, na hili ndilo ninalotaka liwakae wasomaji. Wataalamu wa ziwa hilo hukadiria idadi ya samaki wanaokufa baada ya kurudishwa, na huwatia katika hesabu ya waliovuliwa. Na kila maji yakiwa ya moto, wanaokufa huzidi. Kwa hiyo mtu anayekaa mchana kutwa mwezi wa Agosti akivuta samaki na kuwarudisha, akivuta na kuwarudisha, kwa mchezo tu, kisha akarudi nyumbani akisema hakuchukua hata mmoja, huenda ameua wengi kuliko aliyechukua haki yake akaondoka. Imepokewa katika Hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) kuwa ndege mdogo aliyeuawa bila ya faida atamshitakia Mola wake siku ya Kiyama. Mtu akivua apate kula, au auze, au awalishe jamaa zake, hilo ni jema, na utulivu anaoupata humo ni haki yake. Ama kumtesa kiumbe kwa kuwa twapenda kuona mwanzi ukipinda, hapo yatupasa tusimame tujiulize. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kupata idadi aliyoruhusiwa kuchukua. Nikamwambia, "Kunja mshipi." Akaukunja, ingawa samaki walikuwa wangali wakila.

AHADI YA MWAKA 1837

Juu ya ufuo wa magharibi ya ziwa kuna makao ya Waojibwe wa Mille Lacs. Tarehe 29 Julai 1837 wazee wao, pamoja na wengine wa kabila lao, waliandikiana mkataba na serikali ya Marekani. Wakaitoa ardhi kubwa, wakajibakishia haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga wa mwitu katika nchi hiyo. Miaka ikapita, na haki ile ikasahauliwa na wenye nguvu. Hao wanyonge hawakuusahau mkataba wao. Wakaupeleka mahakamani, na tarehe 24 Machi 1999 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ikahukumu kuwa ahadi ya 1837 ingali hai. Leo serikali ya jimbo na koo 8 za Waojibwe hukaa kila mwaka na kupatana juu ya kiasi cha samaki kitakachovuliwa bila kuliharibu ziwa.

Ahadi ilikaa miaka 162 kisha ikadaiwa ikapatikana. Wako kati yetu waandikianao mkataba wa shamba au wa mirathi, na kabla wino haujakauka wameanza kutafuta njia ya kuuvunja. Na tuogope, kwani ahadi itaulizwa.

TAHADHARI YA CHAKULA

Neno fupi kwa watakaokwenda huko. Samaki ni halali, lakini mpishi huweza kumharibu. Katika mikahawa mingi ya kaskazini samaki huchovywa katika unga uliokorogwa kwa bia, na pengine hukaangwa katika mafuta yaliyokaanga nyama ya nguruwe, au katika mafuta ya nguruwe yenyewe. Usione haya kuuliza. Sisi tuliwapeleka samaki wetu nyumbani, mke wa mpwa wangu akawapaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, akawakaanga, na nusu yake akaipika kwa tui la mkebe. Nyama ya wolai ni nyeupe, haina shombo, na miiba yake ni michache. Yule mzee jirani aliitwa, akala wali wa nazi kwa mara ya kwanza, akaomba tena.

WASIA KWA WAZAZI NA VIJANA

Wazazi walio ugenini hulalamika kuwa watoto wao wanapotea, na mara nyingi mashitaka hayo ni ya kweli. Lakini mtoto hatafunzwa dini kwa kufungiwa chumbani tu. Mchukueni ziwani. Mfunzeni kupima samaki na kumrudisha asiye wake hali hakuna amwonaye, naye atakuwa amejifunza amana kwa mikono yake. Mfunzeni kuuweka mwanzi chini samaki wanapokula kwa sababu Magharibi imeingia, naye atajua sala ina uzito gani. Na mfunzeni kukunja mshipi akipata kadiri yake, atakuwa ameijua kinaa. Nanyi mlioko kwetu, penye bahari na maziwa yetu wenyewe, ambako nyavu za matundu madogo na baruti zimemaliza samaki wa mahala pengi, msiseme kuwa kipimo ni mambo ya Wazungu. Kipimo ni katika dini yetu tangu zamani, nasi tuna haki ya kukishika kuliko wote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaotembea wakazingatia, wanaoahidi wakatimiza, na wanaopata wakashukuru. Amin.